Sisimizi Maji Moto kwenye Mibuni ya Kuazima

Kijijini kwetu Kishanda walisema sitamaliza msimu mmoja. Nilipoondoka Muleba kwenda milima ya Tanga kubebea watafiti mizigo, nikiwa na cheti cha kidato cha nne chenye alama ambazo sitaziandika hapa, baba yangu mdogo, Ta Ishengoma, alisimama mbele ya nyumba yetu akawaambia waliokuwepo kwamba kijana asiyeweza kutulia kanisani mpaka mahubiri yaishe hataweza kazi ya kutazama wadudu. Kwa wasiotoka kwetu, "Ta" ndilo neno tunalomwitia mwanamume wa kuheshimiwa, na mwanamke tunamwita "Ma". Nilimheshimu Ta Ishengoma. Maneno yake pia niliyaweka.

Niliporudi miaka mingi baadaye nilikuwa na stashahada ya uhifadhi wa mimea, niliyoisomea kwa jasho langu mwenyewe, na ujuzi wa sisimizi ambao naweza kusema bila kuona haya kwamba mkoani Kagera hakuna fundi wa ngazi yangu aliyenizidi. Hapo wakabadilisha maneno. Sasa walisema kuwajua sisimizi ni jambo dogo. Nitakachoshindwa ni kumfanya Mhaya awaache waishi kwenye mibuni yake. Mzee mmoja aliniuliza kama serikali inanilipa kwa sukari. Wadogo zangu mnaoingia kazi za maabara na za mashambani, nawaandikia jinsi kazi hii ilivyofanywa wakati wetu, na jinsi mimi nilivyoifanya.

Siku ya kwanza kazini sikubeba mzigo wowote. Mvua ilikuwa imekata njia ya msituni, na Fundi Mkuu wa Maabara, mtu mfupi aliyevaa koti jeupe lililofungwa vifungo vyote, hakupenda kuona mikono mitupu. Alinikalisha mbele ya hadubini, akaweka chini yake kisahani chenye spiriti na sisimizi mmoja.

"Usinitajie jina lake," alisema. "Niambie kiuno."

Sikujua kama sisimizi ana kiuno. Nikatazama. Kati ya kifua na tumbo palikuwa na sehemu nyembamba kama uzi, na juu yake vifundo viwili vidogo vilivyofuatana. Hilo ndilo somo la kwanza la fani yetu: wapo wenye kifundo kimoja na wapo wenye viwili, na ukishajua hilo umewapunguza jamaa wengi wa kuwatafuta. Lakini mimi nilikuwa nimesahau vifundo. Nilikuwa naangalia uso. Mdudu niliyekuwa nikimkanyaga tangu utoto alikuwa na ngozi yenye mistari kama gome la mti, taya zenye meno yaliyopangwa vizuri kuliko msumeno wa seremala, na vipapasio vilivyokunjwa kwenye kiwiko. Yule kijana wa kanisani asiyetulia alikaa pale mpaka Fundi Mkuu aliponigusa bega kwamba watu wamekwenda kula.

Mchana huohuo nilifundishwa kifyonzio. Ni chupa ndogo yenye mipira miwili myembamba: mmoja unauelekeza kwa sisimizi, mwingine unaushika mdomoni na kuvuta pumzi, na mdudu anaingia chupani bila kuvunjika mguu. Kwenye mpira wa mdomoni panafungwa kipande cha chandarua ili usimeze unachokusanya. Chandarua kinazuia sisimizi, hakizuii tindikali yao. Nilivuta kwa nguvu za kijana anayetaka kuonekana, tindikali ikanishika kooni, nikakohoa mpaka machozi.

"Vizuri," alisema Fundi Mkuu. "Umeshakula mshahara wa kwanza."

Nilikaa milimani kwa misimu mingi. Tulifukia vikombe ardhini hadi midomo yake ilingane na udongo, mtego tuliouita mtego wa shimo, na tuliokota majani yaliyooza tukayachekecha kwenye wavu juu ya kitambaa cheupe. Watu wanadhani wanyama wa msitu ni wale wanaotazamwa na watalii. Mimi nimechekecha udongo wa msitu, najua wenye msitu ni akina nani.

Aliyenifumbua macho kabisa ni bosi wangu wa pili, mama mtafiti ambaye sote tulimwita Daktari tu, kana kwamba wengine hawakuwepo. Alikuwa na mazoea ya kukaa chini kabisa, kwenye majani, na kuzungumza bila kukutazama. Ndiye aliyenieleza kwamba sisimizi wametoka katika ukoo wa nyigu. Zamani sana, kabla ya mtu kuwepo, nyigu fulani walianza kukaa pamoja na mama yao badala ya kutawanyika. Mabinti wakabaki kulea wadogo zao. Kizazi baada ya kizazi, aliyekuwa na kazi ya ardhini hakuhitaji tena mabawa, yakapotea. Leo wanaoota mabawa ni malkia wachanga na madume, nao ni kwa ajili ya siku ya kuruka kutafuta wenza tu. Malkia akishapandwa, anayang'oa mabawa yake mwenyewe na kuingia shimoni. Tena wafanyakazi wote mnaowaona barabarani ni majike, ndugu wa mama mmoja. Niliposema basi wana akili sana, Daktari alitikisa kichwa.

"Mutalemwa, usiseme wana akili. Sema wana historia ndefu. Akili ya mmoja ni ndogo kuliko punje ya ulezi. Kilichofanya kazi ni muda."

Sentensi hiyo imenitosha maisha yote ya kazi. Ndiye pia aliyenisukuma kwenda chuoni. Nilisoma nikiwa na umri wa kuwa baba wa wanafunzi wenzangu, nikamaliza miongoni mwa wa juu, na stashahada yangu ipo ukutani hapa nyumbani, mkabala na mlango, mahali ambapo mgeni hawezi kukosa kuiona.

Kituo changu kilichofuata kilikuwa Pwani, kwenye mikorosho na minazi, na huko nikakutana na sisimizi ambao niliwajua tangu utoto ila sikuwahi kuwaheshimu: maji moto. Ni wekundu, warefu wa miguu, na anayeumwa nao haulizi kwa nini wanaitwa hivyo. Hawachimbi. Wanajenga viota juu ya mti kwa majani mabichi, na namna wanavyojenga sijaona ufundi unaoikaribia. Wanajipanga mstari kwenye ukingo wa jani, wanashika jani la pili kwa meno, wanarudi nyuma pamoja. Kama pengo ni kubwa, mmoja anamshika mwenzake kiunoni, na huyo anamshika mwingine, mpaka mnyororo unavuka. Majani yakikutana, wengine wanaleta mabuu, yaani watoto wao wachanga, wamewashika mdomoni. Buu anatoa uzi wa hariri, na dada yake anampeleka huku na huku kama sindano ya fundi cherehani mpaka jani limeshonwa. Buu wa wadudu wengine angeutumia uzi huo kujifungia kifuko chake. Buu wa maji moto anautoa wote kwa ajili ya nyumba ya jamii na kubaki wazi. Nimelitazama jambo hilo zaidi ya nilivyotazama televisheni, na sijachoka.

Wakulima wa Pwani waliwatumia kufukuza kunguni wa mikorosho. Nikajiuliza: je, kahawa yetu?

Hatimaye nikahamishiwa Bukoba. Nilipanga mtaa wa Nyanga, nyumba yenye migomba mpaka dirishani, na nikawa fundi wa wadudu chini ya Mkuu wa Kituo, bwana mwangalifu aliyetoka mikoa mikavu na ambaye alikuwa hajazoea mvua yetu. Kazi ya kwanza tuliifanya Kashozi, kwenye vibanja vya wakulima, kuorodhesha sisimizi wa shamba la migomba na kahawa. Tuliipenda Kashozi, na Kashozi ilitupenda, isipokuwa asubuhi moja siafu walipoingia katika nyumba tuliyokuwa tumekaribishwa chai. Mama mwenye nyumba alitoa sufuria na mtoto, akatandika mkeka nje, akakaa. Mkuu wa Kituo akauliza dawa ya kupuliza iko wapi.

"Waache wafagie, waitu," mama alimjibu kwa neno letu la adabu. "Wao wakimaliza panya na mende wataondoka. Wewe mgeni wangu unaondoka lini?"

Mkuu wa Kituo alicheka kuliko sote. Nami siku hiyo nilipata heshima ambayo wasomi wengi wamestaafu bila kuipata: siafu walikuwa wanahama, na katikati ya msafara nilimwona malkia wao. Tofauti na malkia wengine, hana mabawa na hajawahi kuwa nayo. Ni mkubwa kama kidole cha mtoto, anatembea kwa miguu yake amefunikwa na mabinti zake pande zote. Sikumkamata. Mkuu wa Kituo aliponiuliza kwa nini, nilimwambia ukimchukua huyo umeua mji mzima. Alikubali, akaniombea cheo kipya mwezi uleule.

Sasa nifike Kishanda.

Daktari alikuwa amehamia kwetu kuongoza mradi wa kahawa. Kunguni wa kahawa walikuwa wanafyonza matunda machanga yanakuwa meusi, na wakulima walikuwa wamechoka na dawa. Alitaka kujaribu maji moto kwenye mibuni kwa misimu miwili, akahitaji wakulima watakaokubali kutopuliza chochote na kutochoma viota. Aliponiuliza wapi, nilijibu kwetu. Alinionya kwamba nyumbani ndiko kugumu zaidi. Nikamwambia nyumbani ndiko nilikosemwa.

Kwetu kibanja si shamba tu. Ndimo nyumba ilimo, ndimo makaburi yalimo, na mibuni mingine ilipandwa na babu wa babu. Huwezi kuingia ukaomba kufuga wadudu wanaouma. Kwa hiyo sikuomba zawadi, niliomba kuazima. Niliwaambia: niazimeni mibuni ya upande mmoja wa kibanja kwa misimu miwili. Ikizaa pungufu ya ile mliyobaki nayo, nitafidia kikapu kwa kikapu kutoka kwenye kibanja changu mwenyewe. Mradi haukuniagiza niseme hivyo. Niliahidi mimi, na kila aliyeahidiwa alijua kwamba nikishindwa, nitaishia kuchumia wengine kahawa huku nikicheka kwa aibu mpaka nife.

Ma Kemilembe, mjane jirani yetu, alinipa mibuni bora aliyokuwa nayo. "Chukua ile ya karibu na mlango," alisema. "Nataka nikuone ukiumwa." Wengine wakamfuata. Wa mwisho alikuwa Ta Ishengoma. Nilikaa kwenye nyasi safi zilizotandikwa sebuleni kwake kwa desturi yetu, nikasubiri kile kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna ambacho mgeni yeyote kwetu anapewa kabla hajaulizwa shida yake. Hakikuja. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema nichukue mibuni ya pembeni kabisa, ile iliyozeeka.

"Iwe mwojo," alisema, maana yake wewe kijana, ingawa nilikuwa na mvi, "mtu anakwenda shule ili amwondolee mzee wake wadudu. Wewe umesoma ili uniletee."

Kuhamisha maji moto ni kazi yenye utaratibu. Jamii moja ina viota vingi, wakati mwingine kwenye miti kadhaa, lakini malkia ni mmoja, na asiyempata malkia amehamisha maiti zinazotembea. Nilitafuta kiota chake kwa kutazama mahali ambapo walinzi ni wengi kuliko kazi inavyohitaji. Alfajiri, baridi ikiwa imewalegeza, nilikata tawi likaanguka ndani ya gunia, nikalifunga kwenye mbuni. Kisha nikafunga kamba za migomba kutoka mbuni hadi mbuni ili wawe na madaraja, maana maji moto hawapendi kushuka chini. Kila jamii niliipeleka kwa mkulima mmoja, mzima mzima, malkia na mabinti zake wote.

Msimu wa kwanza walitawala. Daktari alikuja, akakaa kwenye nyasi zilizotandazwa chini ya mibuni ya Ma Kemilembe, akatazama maji moto wakimvuta kunguni mmoja, kila mmoja kwa upande wake, mpaka akawa mabawa matupu. Sitawaficha kwamba wana kasoro: wanafuga vidung'ata, wadudu weupe wanaonyonya utomvu wa mti, kwa sababu wanawapa maji matamu. Ni wafugaji kabisa, kama sisi na ng'ombe. Mti unalipa kitu kidogo kwa ulinzi huo. Tulipima, tukaona katika mibuni yetu ulinzi ulikuwa na faida kuliko gharama.

Tatizo lilikuwa uchumaji. Wanaochuma ni kina mama, na kina mama walisema hawaingii. Hapo nilifanya jambo ambalo Daktari aliliandika kwa jina langu. Nilikwenda mwaloni kwa wavuvi nikaomba matumbo ya samaki, nikayatundika kwenye mti wa mushambya kando ya mibuni, nikaunganisha kamba moja. Nusu saa, karibu jamii yote ilikuwa kwenye mushambya inakula, na kina mama wanachuma wakiimba. Tulipomaliza nikaondoa matumbo, wakarudi kwa kamba ileile, kisha nikaikata. Mwaka huo hakuna aliyenidai hata kikapu kimoja.

Msimu wa pili ndio ulionifundisha kwamba chuoni hawakutuambia kila kitu.

Binti wa Ma Kemilembe ameolewa na mtoto wa Ta Ishengoma. Ma Kemilembe alikuwa akienda kuwatembelea wakwe zake, na mtu wa kwetu haendi kwa mkwe mikono mitupu. Unapeleka ndizi, unapeleka mche wa mgomba, unapeleka kile kinachostawi kwako. Mwaka ule kilichostawi kwake kuliko cha mtu yeyote kilikuwa viota vya maji moto. Aliona mkwe wake, na ile mibuni yake ya pembeni, ana viota vichache vilivyokonda. Akamwonea huruma. Alfajiri, kwa namna aliyoniona mimi nikifanya, alikata tawi lenye viota, akalifunga kwa majani ya mgomba vizuri kama ndizi za kuivisha, akalipeleka. Mke wa Ta Ishengoma alipokea kwa mikono miwili, wakafunga zawadi ile juu ya mbuni mzuri kuliko yote.

Sisimizi hatambui sura. Anatambua harufu, na harufu ni ya mama. Wote wa jamii moja wana harufu moja iliyo kwenye ngozi zao kama jina la ukoo. Aliye na nyingine ni mgeni, hata akiwa mwekundu vilevile, hata akitoka kibanja cha mkwe. Nilipoitwa, vita vilikuwa vimeshapamba moto. Kwenye kila kamba ya migomba walikuwa wameshikana wawili wawili, miguu imevutwa pande zote, hakuna anayeachia. Chini ya mibuni, nyasi zilikuwa zimebadilika rangi kwa maiti. Na juu, matunda yakiwa machanga bila mlinzi, kunguni walikuwa wanarudi.

Ta Ishengoma alikuwa amesimama na fimbo yake.

"Umewaleta wapigane kwangu, kana kwamba hawana kwao," alisema. "Kesho nawachoma."

Angechoma yeye, wangechoma wote. Misimu miwili ya Daktari ingekuwa moshi, na mimi ningekuwa yule wa kanisani. Niliomba wenye mibuni wote waje palepale, tusizungumzie nyumbani. Nilishika sisimizi mmoja wa kila upande, nikawaweka kwenye kiganja changu mbele ya watu, wakashikana mara moja na mimi wakaniuma wote wawili. Sikutikisa mkono. Niliwaeleza habari ya harufu na ya mama mmoja. Nilisema aliyeleta zawadi hana kosa, kwa sababu hakuna kitabu nilichosoma kinachosema kiota ni kitu cha kumpelekea mkwe; sisi ndio watu wa kwanza kufanya hivyo. Ma Kemilembe alifunika uso kwa khanga.

"Kwa hiyo nilimfungia mkwe wangu maadui kwenye majani ya mgomba," alisema, "na yeye akanishukuru."

Mke wa Ta Ishengoma ndiye aliyeanza kucheka, na wote wakacheka, isipokuwa mwenye fimbo. Yeye alikuwa anatazama kamba.

Lazima niwaambie kwamba Ta Ishengoma alikuwa shahidi wa mipaka. Kwetu mpaka wa kibanja unawekwa kwa mmea tunaouita mulamula, na wawili wakigombana, anaitwa mzee anayekumbuka ulipopandwa. Kishanda walimwita yeye.

"Hawa wanagombea nini hasa?" aliniuliza. "Chakula?"

"Mpaka, baba. Kila jamii ina miti yake na inailinda. Kule msituni kati ya jamii na jamii panabaki miti ambayo hakuna anayekaa. Hapa hapana, kwa sababu mimi nimeunganisha kila kitu kwa kamba."

Kisha akatembea polepole katikati ya mibuni, akitazama juu, akafuata pale mapigano yalipokuwa makali zaidi, na kila alipopita aligusa mti kwa fimbo. Alipofika mwisho alisema: hawa wa zamani wasivuke hapa, na wageni wasivuke pale, na mibuni hii miwili ya katikati ibaki bila mtu. Nilikata kila kamba aliyoionyesha. Nilipunguza matawi yaliyogusana. Nilirudi mahali Ma Kemilembe alipokata lile tawi, nikagundua kwamba, kwa bahati au kwa mkono mzuri, alikuwa amembeba na malkia mwenyewe. Kule kwake walikuwa wameanza kupungua. Kwa hiyo jamii ya pili ilikuwa hai na kamili kwa Ta Ishengoma, na Ma Kemilembe nikamtafutia nyingine kutoka mtoni. Siku chache baadaye mapigano yalikwisha. Maji moto walifika kwenye kingo za ile mibuni miwili, wakapapasa hewani, wakarudi. Nilimkuta baba yangu mdogo amekaa kwenye kigoda anawatazama, mtu ambaye alisema mimi siwezi kutulia.

"Hawakupandiwa mulamula," alisema bila kugeuka, "na wanajua."

Nilistaafu msimu huohuo. Mkuu wa Kituo wa wakati huo alinikabidhi saa ya ukutani, na Daktari alinikabidhi kifyonzio changu cha kwanza, ambacho Fundi Mkuu, kumbe, alikuwa amekihifadhi miaka yote hiyo na kumwachia yeye. Watu wananiuliza kama sijutii kutumia maisha kwa kiumbe anayekanyagwa. Ninawajibu kwamba nimeona mabinti wakimbeba mama yao kuvuka njia. Nimeona mtoto akitoa nguo yake ya pekee ili nyumba ya wote ishonwe. Hayo hayakubuniwa na mtu yeyote, yalikuwapo kabla yetu, na niliyaona kwa macho yangu kwa sababu nilitoka Kishanda nikasoma. Nyinyi mnaoanza leo mna kamera na mna kompyuta. Msiache kukaa chini kwenye majani.

Kisha ikafika siku ya kurudisha mibuni.

Nilianza asubuhi. Kwa kila mkulima nilifungua kamba, nikaondoa vitambaa vya alama, nikamshukuru, tukapima kahawa ya maganda ya mibuni niliyoazima na ile ya mibuni iliyobaki kwake. Kwa karibu wote ya kuazima ilikuwa imezidi, na kwa wawili nilimimina kutoka gunia langu mpaka wakasema basi. Ma Kemilembe hakukubali hata kupima. Alisema nimemlipa siku ile nilipoumwa kiganjani mbele ya watu.

Kwa Ta Ishengoma nilifika na magunia kwenye baiskeli. Vita vya sisimizi vilikuwa vimekula mavuno ya mibuni niliyoazima kwake. Alileta kikapu chake mwenyewe, kikubwa kuliko cha mtu mwingine, nami nikafungua gunia. Nilimimina, akatikisa ili ishuke, nikamimina tena, akatikisa tena, mpaka kikafurika na gunia langu la mwisho likabaki limelala. Hiyo ilikuwa kahawa yangu yote ya mwaka.

"Nimekulipa, baba?"

"Umenilipa."

Nikachukua ngazi kwenda kuondoa viota, kama tulivyopatana tangu mwanzo. Nilikuwa nimeshaiegemeza aliponiita. Alisema niiache ngazi, niingie ndani. Nyasi za sebuleni zilikuwa mpya. Nilikaa. Mke wake akaja na kile kikapu kidogo, akampa yeye, na yeye, kwa mkono wake, akanimiminia kahawa ya kutafuna kiganjani, pale palipokuwa na kovu dogo.

"Sasa sema shida yako," aliniambia.

Nikamwambia sina shida.

"Basi ninayo mimi. Naomba uniazime hao wadudu."